Jina Lake Lilikuwa Ukutani

Siku binti alipoleta nyumbani cheti cha usajili wa uuguzi, baba yake, fundi cherehani, alifunga mashine kabla ya adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za msiba. Suruali ya mteja aliiacha na mguu mmoja. Alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwa kitambaa kisichotumika, ndipo akakipokea cheti na kukisoma kwa sauti, pamoja na muhuri wa Baraza la Wauguzi na namba iliyoandikwa chini ya muhuri.

"Rudia pale penye jina," alisema mama.

Akarudia.

"Tena."

"Mke wangu, jina si wimbo." Hata hivyo alilirudia, na safari hii polepole zaidi.

Mtihani wa Baraza ni mtihani ambao wengi huuingia kwa majivuno na kuutoka wakitafuna kucha. Binti aliufanya mara moja tu, akaufaulu, na majirani waliokuwa wakimwita "wewe mtoto wa fundi" sasa walimwita Nesi. Mwanamke mmoja alishusha ndoo yake njiani ili amsalimie kwa mikono miwili. Binti alicheka kwa haya, akaamkia kila mtu aliyemzidi umri, hata wale waliomzidi kidogo.

"Cheti hiki hakitalala hapa," alisema baba, akivaa koti lake la sikukuu. "Kitalala kwa kaka. Malimbuko hayaanzi kuliwa na mkulima."

"Lakini baba, hospitalini watakitaka."

"Watakitaka kesho. Leo ni siku ya heshima."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa katika heshima, kama yanavyozaliwa makosa mengi ya nyumba zenye adabu. Kaka aliyetajwa, ambaye binti alimwita Baba Mkubwa, ndiye aliyemsomesha chuoni, na ndiye mwenye chumba alichoshonea fundi. Alikuwa na duka la dawa kwenye kona ya soko. Sheria ilitaka duka la namna ile liwe na muuguzi aliyesajiliwa, jina lake libandikwe ukutani na mwenyewe awepo. Muuguzi mzee wa pale alikuwa amestaafu na kuondoka na cheti chake, nao wakaguzi wakaufunga mlango kwa kufuli lao. Fundi alikipeleka cheti cha binti yake kikaonwe. Hakikurudi.

* * *

Jumapili iliyofuata Baba Mkubwa aliwaita wote chakulani. Watu walipokwisha kunawa, alitoa karatasi mfukoni, akaitandaza mbele ya binti mahali ilipokuwa sahani.

"Nesi wetu, tia saini hapa. Ni kwa ajili ya wakaguzi tu. Wewe utakaa hospitalini, jina lako litakaa dukani. Jina halili, halisinzii, wala halidai likizo."

Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni muuzaji wa dukani, kijana wa miwani ya urembo, ambaye watu wa sokoni walimwita Profesa kwa sababu hakuna swali lililomshinda, hata lile asilolijua.

Binti aliisoma karatasi mpaka mwisho. "Baba Mkubwa, hapa pameandikwa kwamba nitakuwapo dukani saa zote za kazi."

"Na jina lako litakuwa limekwenda wapi?"

"Na sindano je?"

"Nani ametaja sindano? Tutauza dawa za kikohozi na bandeji. Profesa huyu hata mbu hamchomi."

Binti alimtazama baba yake. Fundi alikuwa akiutazama upindo wa kitambaa cha meza, kana kwamba ameuona umeshonwa vibaya. "Mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, "mkono wa baba yako mkubwa hauachwi hewani."

Binti akatia saini. Tusimwonee huruma kupita kiasi. Alijua kusoma, na alikuwa amesoma.

* * *

Hospitali ya mji ilikubali nakala ya cheti, ikamweka binti katika chumba cha wagonjwa wa nje kwa kipindi cha majaribio. Gauni jeupe alishonewa na baba yake, naye alipitisha mshono mara mbili kila mahali panapokaza. Aliyemsimamia ni Matroni, mwanamke mfupi, mzito wa maneno, ambaye hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwona ameketi. Matroni hakusifu mtu. Siku asipokukaripia, ulikwenda nyumbani umefurahi.

Asubuhi moja aliingia muuza mkaa wa mtaani kwao, amembeba mgongoni mwanawe wa kike wa miaka minne, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Alipomwona binti nyuma ya meza, uso wake ukafunguka.

"Afadhali nimekukuta mwenyewe! Nilikuwa nawaza njiani, nikimpata Nesi wetu sitakuwa na mengi ya kueleza."

"Ana nini mtoto, mama?"

"Si unajua? Tangu ile sindano mguu umelala. Homa ilishuka, sikatai, homa uliiweza. Lakini mguu anauburuta kama wa kuazima."

"Sindano gani?"

"Ya dukani. Ya kwako."

Binti alimpokea mtoto, akamsimamisha sakafuni, akamwomba atembee mpaka dirishani. Unyayo wa kulia ulining'inia. Vidole vilikwaruza saruji, na mtoto aliinua goti juu kupita kiasi ili avuke, kama mtu apandaye ngazi ambayo haipo. Alipomlaza na kumgeuza, aliona alama ya sindano takoni, karibu na katikati, chini kuliko inavyofaa. Swali hilo hilo aliulizwa katika mtihani wa vitendo, mbele ya mwanasesere wa mpira. Mtoto huyu utamchoma wapi? Pajani, upande wa nje, bwana. Kwa nini si takoni? Kwa sababu ya mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni. Mtahini aliitikia kwa kichwa, akamwita anayefuata.

"Mama," aliuliza, na sauti haikuwa tena ya muuguzi, "nani alimchoma?"

Muuza mkaa alicheka kidogo, kama mtu anayetaniwa. "Mimi nilibaki kwenye benchi, na kule ndani mna pazia. Nilisoma jina lako ukutani, nikasema, hapa tumefika kwa mtoto wetu. Alipoanza kulia nikamwambia kutoka huku nje, tulia mwanangu, huyo ni Nesi wetu."

Kitinda alikuwa ameshika kifungo cha gauni jeupe na kukizungusha kwa vidole, bila hofu yoyote. Mara mhudumu wa kiume akapita akisukuma kitoroli, naye mtoto akauficha uso wake tumboni mwa binti na kutetemeka. Binti aliliona hilo. Matroni naye aliliona, maana alikuwa amesimama mlangoni.

Daktari alimpangia mtoto gango la kuushikilia unyayo, pamoja na mazoezi ya kila siku. Alisema huenda mshipa ukapona, huenda usipone. Muuza mkaa alimshukuru daktari, akamshukuru Matroni, na alipofika kwa binti akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Usihuzunike hivyo, Nesi. Hata fundi hodari hujikata." Akatoka, mtoto mgongoni.

Matroni alimwita binti katika stoo ya mashuka, akasukuma mlango.

"Duka lile lina jina lako?"

"Ndiyo, Matroni."

"Basi. Sikuulizi zaidi, maana nikikuuliza utanijibu. Andika maelezo yako, unikabidhi kesho asubuhi. Na sikiliza, kwa kuwa sisemi mara mbili. Ikiwa mkono uliokosea ni wako, Baraza litakuonya, litakurudisha mafunzoni, nawe utaendelea na kazi. Ikiwa uliazimisha jina, litakufuta."

Binti alisimama kati ya rafu, mashuka yaliyokunjwa yakimzidi kimo pande zote. "Matroni, wewe ungeandika nini?"

"Mimi sijaazimisha jina langu."

* * *

Jioni hiyo walikutana katika chumba cha fundi. Baba Mkubwa aliketi kwenye kiti cha wateja. Fundi alibaki nyuma ya mashine yake, mguu juu ya kanyagio, ingawa hakuwa akishona. Mama alisimama karibu na nguo zilizotundikwa. Profesa aliegemea mlango, bila miwani, na bila miwani alionekana mdogo.

"Ulimchoma wewe?" binti alimwuliza.

"Mama yake ndiye aliyetaka, dada. Alisema, hapa pana Nesi, choma. Nikachoma kama nilivyokuwa nikimwona yule mzee wetu wa zamani."

"Ulichoma wapi?"

Profesa akajigusa takoni, na mahali alipoweka kidole palitosha kuwa jibu.

"Umeanza lini kuchoma watu?"

"Tangu cheti kilipopanda ukutani. Wanakuja kwa ajili yako."

Baba Mkubwa akakohoa. "Maji yameshamwagika. Tutafute dekio, tusitafute aliyepiga ndoo teke. Mwanangu, andika kwamba ulimchoma wewe. Watakuonya. Na kuonywa ni nini? Mimi wakaguzi wamenionya miaka nenda miaka rudi, na kitambi hiki hakijapungua."

Hakuna aliyecheka.

"Na nikiandika kweli?"

"Ukiandika hiyo unayoiita kweli, mimi nitafungwa na umri huu. Huyu kijana atafungwa. Wewe utafutwa. Baba yako nitalazimika kukipangisha chumba chake nipate wakili, aitoe mashine yake nje. Na mguu wa mtoto utabaki vile vile ulivyo. Hebu nionyeshe mtu mmoja atakayekuwa amefaidi."

Ilikuwa hoja nzuri. Hoja nzuri haichagui kinywa cha kutokea. Mama, ambaye alimlea binti huyu kwa fimbo ya kila uongo, aliinua ncha ya kanga na kuizungusha kidoleni. "Mwanangu, si ni mstari mmoja tu? Tena si uongo wa kumdhuru mtu. Unajitwika la mwenzio, basi."

"Mama, nikijitwika, keshokutwa duka litafunguliwa na jina langu likiwa palepale. Atakuja mwingine na mtoto mgongoni, asome, aridhike."

"Tutamkataza Profesa," alisema Baba Mkubwa.

"Mlimkataza mezani, Baba Mkubwa. Mlisema hata mbu hamchomi."

"Nyamaza!" Fundi alisimama ghafla, na kiti chake kikaanguka nyuma yake. "Unamjibu nani hivyo? Ni nani aliyekufanya ukawa mtu wa kujibu?"

Baba Mkubwa alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeonewa mbele ya mashahidi. Aliinuka, akavaa kofia. "Mimi nimemaliza. Hili ni lenu, baba na binti." Akamwashiria Profesa, wakatoka.

Fundi alikiokota kiti, akakaa, akainama. Aliposema tena, hakukuwa na ukali hata kidogo. "Tangu uzaliwe nimekuamuru. Sijawahi kukuomba. Leo nakuomba."

Mama akageukia ukutani, kwa kuwa si kila jambo macho huagizwa kulitazama. Binti alikwenda akapiga magoti mbele ya baba yake, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Baba," alisema, "niombe lingine. Niombe lolote lingine."

Fundi hakuwa na lingine.

* * *

Asubuhi, katika chumba cha wagonjwa wa nje, kabla mlango haujafunguliwa, binti aliketi na kalamu. Aliandika kwanza, *Nilimchoma mimi*, na akashangaa jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi na yalivyosomeka vizuri. Aliyaangalia kwa muda. Kisha akaichana karatasi, akachukua nyingine, akaandika kwamba alitia saini bila nia ya kukaa dukani, na kwamba siku mtoto alipochomwa yeye hakuwapo.

Matroni aliyasoma maelezo hayo akiwa amesimama.

"Umeandika kifupi."

"Ndiyo yote, Matroni."

"Vua beji."

Binti akaivua. Pini iling'ang'ania, ikachomoa uzi mmoja wa gauni. Matroni aliipokea, akaitia mfukoni, akakunja karatasi mara mbili. "Alama zako za mtihani niliziona," alisema. "Zilikuwa nzuri." Haikujulikana kama alimfariji au alimshtaki. Akafungua mlango, wagonjwa wakaingia, na binti akapita katikati yao akielekea nje, wengine wakimwamkia Nesi.

* * *

Baraza lilimsimamisha kazi hadi litakaposikiliza shauri lake, na kila aliyejua mambo ya Baraza alisema asijipe tumaini. Baba Mkubwa alihojiwa kituoni, akapewa dhamana, akaacha kuitikia salamu za nyumba ile. Profesa alitoweka, inasemekana hata miwani aliiacha kaunta. Duka lilifungwa tena kwa kufuli la wakaguzi, na chumba cha ushonaji kikapata mpangaji mwingine.

Mashine ya fundi ilihamia barazani nyumbani kwao, ambako mvua ikija kwa upande ilibidi aifunike kwa nailoni na kungoja. Hakumfukuza binti yake, wala hakumsemesha. Alimwambia mkewe, "Mwambie binti yako chakula kipo," na binti alikuwa ameketi mbele yake. Kule bombani wanawake walimpa jina jipya. "Pisheni, Nesi wa Ukutani anateka maji." Mwingine akadakia, "Msimguse, atabanduka!" Wakacheka. Alijaza ndoo yake, akaamkia waliomzidi umri, akaondoka.

"Huo ukweli umetupa nini?" mama alimwuliza siku moja, wakichambua mchele.

"Haujatupa kitu, mama."

"Basi angalau useme umekupa usingizi."

"Silali pia."

Mama aliendelea kuchambua. Baadaye alisema, bila kumtazama, "Nami silali. Ule mstari mmoja niliokuambia uandike, unanijia."

Siku ya pili yake binti alikwenda kwa muuza mkaa. Alimkuta amechuchumaa mbele ya gunia, akijaza makopo, mikono myeusi mpaka viwikoni. Mwanamke huyo aliinua macho mara moja, akaendelea na kazi.

"Kama umefuata maneno, polisi wameshayachukua yote."

"Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya mguu. Mazoezi aliyopangiwa yanataka mtu asubuhi na jioni, nawe unashinda na mkaa."

"Unaruhusiwa?"

"Kwa uuguzi, siruhusiwi. Lakini kuukunja na kuukunjua mguu hata shangazi anaruhusiwa."

"Wewe si shangazi yake."

"Si shangazi yake."

Mteja akaja, akachukua kopo lake, akamtazama binti juu hadi chini, akaondoka polepole ili asikie zaidi. Muuza mkaa alingoja mpaka akapotea.

"Nitakuambia neno, kisha sitalirudia. Afadhali ungekuwa wewe uliyekosea. Ningesema mkono umeteleza, nani mkono wake hautelezi? Lakini mimi nilimtuliza mtoto wangu kwa jina lako. Alikuwa akihangaika mle ndani, mimi niko nje, namwambia, tulia, ni Nesi wetu. Akatulia. Unanisikia? Mwanangu alitulia, ndipo akachomwa."

Binti alisikia.

Kitinda alitokea mlangoni, gango limefungwa mguuni, akiinua goti lake juu na kulishusha. Alimtazama mgeni, kisha akamtazama mama yake ili ajue la kufanya. Mama yake akaendelea kujaza kopo. Mtoto akakaa kizingitini, akaunyoosha mguu.

Binti akapiga magoti vumbini, akalegeza mikanda ya gango, akakishika kisigino kwa mkono mmoja na kuusukuma unyayo juu kwa mkono mwingine, polepole, mpaka misuli ikakataa. Akangoja. Akauachia. Akausukuma tena. Mtoto alimtazama usoni muda wote huo, akitafuta dalili ya maumivu yanayokuja, na yalipokosa kuja akaanza kuchokonoa kidonda kikavu cha kiwiko chake.

Nyuma yao kopo liliwekwa chini. Muuza mkaa alijifuta mikono kwenye gunia, ikabaki myeusi vile vile, akaja akachuchumaa karibu na bega la binti.

"Sogea kidogo, nione mikono yako inavyofanya," alisema. "Nifundishe. Nifundishe mpaka nisikuhitaji."